Kiasi cha Kukosea

Ghorofa ya tatu, chumba cha kumi na nne, Kutaisi.
Hita imekufa tangu Novemba.
Mwalimu Tsiala anafundisha na koti lake la sufi,
vumbi la chaki mabegani kama mtu aliyetoka kusaga.
Kila anayesimama na jibu, humkatiza:
"Jibu kaa nalo.
Niambie umekosea kwa kiasi gani."

Nilidhani hesabu ni nyumba ya wasiokosea.
Ndiyo maana niliichagua, mimi, binti wa muuza jibini,
niliyechoka na kwetu, mahali pa kukisia:
kodi ni kama mia tatu hivi,
kuni zitafika mwezi wa tatu hivi,
hivi, hivi, hivi.
Nikaingia chuo kikuu, nikafungua Uchanganuzi wa Namba,
kurasa mia nne na kitu,
na kitabu kizima kinasema: hivi.

Sarafu ya tetri kumi,
ambayo mtoto wa chekechea huijua kwa kuipapasa mfukoni,
kompyuta haiwezi kuiandika ikamaliza.
Moja ya kumi! Huikata mkia,
ikashika namba ya jirani, ikanyamaza.
Jumlisha hivyo mara milioni:
haba na haba, na kibaba kinachojaa si chako.

Jumamosi niko sokoni na mama.
Mizani yake ni ya sahani mbili, ya enzi ya bibi.
Jiwe la kilo: zito mno. Analitoa.
La nusu: jepesi. Analiacha.
La robo juu yake: zito. Analitoa.
La thumuni.
"Hapo," anasema, na sindano bado inacheza.
"Mama, hiyo ina jina. Tumeisoma Jumanne."
Anafunga jibini kwenye gazeti.
"Na huko chuoni kilo wanauza lari ngapi?"

Kuna onyo moja nililipigia mstari mara mbili:
usitoe namba kutoka kwa namba inayokaribia kuwa yenyewe.
Tarakimu zilizofanana zitauana,
na kitakachobaki ni makombo ya mwisho,
makosa yaliyovaa nguo za jibu.

Mimi na Vazha tulipishana dakika kumi na moja tumboni.
Kidevu kimoja. Kikohozi kimoja.
Mwezi wa nane alipanda basi kwenda Poznań, kwenye ghala la viatu.
Tangu hapo, wakati wa chakula cha jioni, mama hunitazama
akimtoa yeye kutoka kwangu,
na kinachobaki mezani
ni ugomvi mdogo: nani aliacha mlango wazi.

Mtihani ulikuwa wa mdomo, Januari, mikono ndani ya glavu.
"Mzizi ni moja nukta tatu mbili nne saba."
"Na?"
"Na nimekosea. Ila si zaidi ya moja ya elfu kumi."
"Unajuaje?"
Nikamwonyesha: huku ni hasi, huku ni chanya,
nimeuzingira mzizi katikati
kama kuku kwenye kona ya ua,
nikaukata ua nusu, na nusu yake, na nusu yake.
Kuku sijamshika.
Lakini najua upana wa mahali alipo.
Mwalimu Tsiala akavua glavu moja ili aandike alama.
Sikuiona. Niliona tu kwamba aliivua.

Usiku Vazha akapiga simu, nyuma yake forklifti zinalia.
"Unarudi lini?"
"Kama Pasaka hivi."
Zamani ningekata simu.
"Sawa," nikamwambia. "Ongeza au toa siku ngapi?"
Akacheka.
Kisha akanyamaza,
nikamsikia, kwa sauti ya chini,
anahesabu.